Kisima Namba Kumi na Saba

Mashine yangu ya kopi ni kongwe kuliko deni lake.
Hukohoa kabla ya kutoa karatasi,
na pembeni mwa kila ukurasa huacha mstari mweusi,
mwembamba, kama wanja ulioteleza.
Langoni nzima yaujua mstari ule:
vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, barua za talaka,
vyote vimepita kwangu, shilingi tano tano.

Mimi si mwizi wa vitabu. Mwulizeni Ustadhi Bwanarehema.
Kijana alikuja na diwani yake, aitaka yote, jalada kwa jalada.
Nikamwambia: shairi moja la mtihani, haya, nakutolea.
Kurasa mbili za kumfundishia nduguyo, haya.
Kitabu kizima, la. Kanunue.
Mzee aliyatunga usiku kwa mafuta yake mwenyewe,
na jiko lake nalo lataka makaa.

Lakini Mwana Hadiya alipoingia na simu ya mjukuu wake
nilikosa pa kuisimamisha sheria yangu.

Miaka mitano nyuma walimjia kwake, Gadeni,
vijana wa mradi, fulana zina nembo ya serikali.
Aliwapa kamba. Aliwapa ndoo. Aliwapa chai na mkate wa mofa.
Aliwashikia chupa wakati wao wakiandika.
Wakapaka ukutani, kwa rangi nyekundu, 17,
wakasema: mama, majibu yatatoka.

Na yalitoka, hawakusema uongo.
Yalitoka yakapanda ndege.
Shekuwe, mjukuu, aliyakuta kwenye kioo cha simu:
kichwa cha habari, majina saba, aya moja ya kuonja,
kisha kufuli dogo la kuchorwa.
Lipa dola thelathini na tisa, usome kwa saa ishirini na nne.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti.
Madumu mia mbili na hamsini ya maji ya kununua
ili uambiwe habari za maji yako.
Nikaitazama risiti yenyewe: wino, kodi. Karatasi, kodi.
Kiberiti, kodi. Sukari ya chai ile, kodi.
Tulikwisha kulipa, tena kwa sarafu,
tukalipia chupa na rangi na mishahara,
kisha mlango ukafungwa kwa mbao zetu.

Shekuwe aliandika barua, mistari minne, adabu tele,
kwa jina la kwanza kati ya yale saba.
Siku ya tisa likaja jibu:
"Nisameheni. Nilidhani mlipelekewa. Hii hapa, yote."

Kurasa kumi na mbili. Mashine ilikohoa.
Jedwali la nne, safu ya nitrati, kisima namba kumi na saba:
mara tatu ya kiwango. Chini yake, kwa herufi za sisimizi:
asipewe mtoto wa chini ya miezi sita.

Mwana Hadiya hakuuliza nitrati ni nini.
Aliuliza tarehe.
Shekuwe akamsomea. Akamrudia.
Bibi akahesabu kwa vidole, akafika kwenye kimoja, akakishika.

Mwezi uliofuata tarehe ile, Swafia, wa binti yake,
alikuwa na miezi miwili,
midomo ikamgeuka rangi ya nili.
Tulisema jicho. Tulisema upepo. Tukafukiza ubani.
Swafia yu hai, yuko chekechea, ana makelele.
Sisemi ni maji. Mimi mtu wa kopi, si daktari.
Nasema tu kwamba jedwali lilijua,
nalo lilikuwa limelala ndani ya kufuli, halina pa kupigia hodi.

Tulikwenda na uji wa ngano kwenye kopo la rangi.
Tukabandika ukurasa wa tano chini ya ile 17,
na mstari wangu mweusi pembeni.
Jirani akaja na dumu, akasoma kwa sauti, akasita:
"Hii nayo, bei gani?"
Nilitaka kumjibu maneno makubwa.
Nikamsaidia tu kubeba dumu tupu kurudi nalo.

Mvua ya Jumapili ilifuta safu ya nitrati.
Jumatatu nilitoa nyingine.